Chumvi Haisafiri Peke Yake

Kila mpishi ajua ya kuwa ukitia chumvi chunguni na kukoroga, mchuzi wote hupata ladha. Lakini ni wachache waliojiuliza: Usipokoroga, je? Chumvi iliyotulia chini ya maji matulivu yapanda juu kwa muda gani? Na zikiwamo chumvi mbili au tatu katika maji yale yale, je, kila moja hushika njia yake kana kwamba mwenzake hayupo? Maswali haya yaonekana kuwa ya watoto wa shule, wala hayaleti ugali nyumbani. Walakini sisi tukaao Tarime na Serengeti, tunywao maji ya visima, malambo na mito, na wengine wetu karibu na machimbo ya dhahabu, yatupasa kuyajua majibu yake. Maana mwaka hata mwaka tunaulizana: Maji haya yafaa kunywewa, au hayafai?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mtu akisikia "chumvi" huwaza ile ya mezani tu. Wenye elimu huita chumvi vitu vingi. Mama zetu huchuja majivu wapate maji ya kulainishia mboga. Katika majivu yale imo zaidi chumvi ya potasiamu. Magadi ya mawe yauzwayo sokoni ni chumvi ya sodiamu, nayo hupatikana katika maziwa kama Natron. Ndani ya hifadhi ya Serengeti, upande wa Moru, liko ziwa liitwalo Magadi, na jina lake latosha kueleza ladha yake. Tena nyanda za mashariki za Serengeti zimefunikwa na majivu ya milima ya moto, na mmoja wa milima hiyo ni Ol Doinyo Lengai, ambao uji wake wa moto una sodiamu nyingi ajabu. Mvua zimeyeyusha chokaa na chumvi za majivu hayo, zikazishusha, hata pakawa na tabaka gumu kama saruji chini ya udongo. Na huku kwetu Nyamongo, miamba yenye dhahabu ina pia chuma na salfa. Ikivunjwa na kupata hewa na maji, hutoa tindikali, nayo tindikali huyeyusha madini mengine.

Basi katika maji ya nchi hii ni shida kuona chumvi moja iliyo peke yake. Maji ni kama gulio: wamo wa kabila hili na lile, wenye haraka na wasio na haraka, na kila mmoja hupishana na wengine. Kwa hiyo atakaye kujua mwendo wa chumvi katika maji yetu, haimfai kuchunguza moja moja tu. Hana budi kuzichunguza zikiwa pamoja.

Lakini na tuanze na moja. Darasani kwangu nalitia maji matamu katika chupa ndefu ya kioo, kisha kwa mrija nikashusha polepole chini yake maji ya chumvi ya mezani yaliyotiwa rangi kidogo. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo yalikaa chini, na mpaka kati ya maji mawili ukaonekana wazi. Tukaiweka chupa katika pembe ya chumba isipopigwa na jua wala kutikiswa na mtu. Siku ya pili watoto walikuja mbio, wakitumaini kuona yote yamechanganyika. Mpaka ulikuwa umefifia kidogo tu. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, chumvi hii ni mvivu." Tena, kwa kuwa rangi ina mwendo wake yenyewe, hatukuitegemea. Kila baada ya siku kadhaa wanafunzi walivuta maji kidogo kwa bomba la sindano kutoka kila kimo, wakayakausha juani katika visahani, wakapima chumvi iliyobaki.

Uvivu huo una hesabu yake. Katika maji matulivu yenye joto la digrii 25, chumvi ya mezani huhitaji muda wa saa 9 hivi kuenea sentimeta 1. Mtu angedhani ya kuwa sentimeta 10 zitahitaji mara 10 ya muda huo. Sivyo! Zahitaji mara 100, yaani siku 38 hivi. Na mita 1 yahitaji mara 10,000, ndiyo zaidi ya miaka 10. Sababu yake ni kwamba chembe za chumvi haziendi moja kwa moja kama mtu aendaye mnadani. Husukumwa na chembe za maji huku na huku, mbele na nyuma, kama mlevi asiyejua nyumba yake. Akipiga hatua nyingi, bado yu karibu na pale alipoanzia. Katika karne ya 19 Lord Kelvin alisimamisha mirija mirefu katika chuo kikuu cha Glasgow, akatia ndani yake maji ya rangi na maji matupu, ili watu waone kwa macho jinsi kuenea huku kunavyokwenda kwa miaka mingi.

Aliyetangulia kupima mambo haya kwa utaratibu ni Thomas Graham wa Scotland. Alijaza chupa ndogo maji ya chumvi, akaizamisha katika chombo kikubwa cha maji matupu, kisha baada ya siku kadhaa akapima ni kiasi gani kilichotoka. Habari zake zilichapishwa mwaka 1850. Aliona kwamba kila chumvi ina mwendo wake, na kwamba chumvi zilizotiwa pamoja zaweza kuachana njiani, moja ikitangulia na nyingine ikibaki nyuma. Mwaka 1855 Mjerumani Adolf Fick, tabibu, akatoa kanuni: chumvi hutoka penye wingi kwenda penye uchache, na kadiri tofauti ilivyo kubwa ndivyo mwendo ulivyo mkubwa. Ili kuhakikisha, aliweka chumvi chini ya chombo cha maji, akaning'iniza katika mizani tufe dogo la kioo, akalishusha kimo baada ya kimo na kupima uzito wa maji kila mahali. Kwa vifaa hivyo vichache alipata kanuni inayofundishwa hata leo.

Sasa tufike penye kiini. Chumvi ikiyeyuka katika maji haibaki nzima. Chumvi ya mezani hugawanyika kuwa chembe za sodiamu zenye umeme chanya, na chembe za kloridi zenye umeme hasi. Chembe za namna hii huitwa ioni. Kila ioni ina wepesi wake. Tukiupima wepesi kwa kipimo kimoja, sodiamu ina 1.33, salfeti 1.07, potasiamu 1.96, kloridi 2.03, na haidrojeni, ambayo ndiyo ioni ya tindikali, ina 9.31. Hebu tazama jinsi haidrojeni inavyowapita wote!

Je, kloridi yenye 2.03 yaweza kumwacha sodiamu mwenye 1.33 na kwenda zake? Haiwezi. Ikitangulia hata kidogo sana, umeme hasi huzidi mbele na umeme chanya huzidi nyuma, na hizo mbili huvutana. Aliye mbele hurudishwa nyuma, na aliye nyuma hukokotwa mbele. Wakurya wanaolima kwa maksai waijua habari hii. Ukimfunga ng'ombe mwepesi na mzito katika nira moja, mwepesi hupunguza mwendo na mzito huongeza, nao hufika mwisho wa shamba pamoja. Ndivyo ilivyo chumvi ya mezani: mwendo wake ni 1.61, uliopo kati ya miendo miwili. Na tindikali ya haidrojeni na kloridi ina mwendo wa 3.34 tu, ijapokuwa haidrojeni peke yake ina 9.31. Namna ya kuihesabu nira hiyo ilitolewa na Mjerumani Walther Nernst mwaka 1888.

Hata hapa mfano wa nira watutosha. Lakini zikiwa chumvi mbili katika maji yale yale, mambo hugeuka kwa namna ambayo mtu asingeitazamia. Fikiri chombo chenye chumvi ya mezani kwa kipimo kile kile juu na chini. Kwa kanuni ya Fick, chumvi hiyo haina sababu ya kwenda popote, maana hakuna penye wingi wala penye uchache. Kisha tindikali iwekwe katika maji ya chini tu. Haidrojeni hupanda kwa haraka, na umeme chanya huzidi juu. Kloridi huvutwa kupanda nayo. Na sodiamu, yenye umeme chanya pia, hufukuzwa kurudi chini! Hivyo sodiamu iliyokuwa sawasawa kila mahali huanza kulundikana upande mmoja, kwa sababu tu ya safari ya mgeni aliyepita katikati yake. Mtu aliyepima sodiamu peke yake angeapa ya kuwa maji yamerogwa.

Kwa ajili hiyo wenye maarifa waliona kwamba namba moja haitoshi. Lars Onsager, mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Marekani, alionyesha mwaka 1931 kwamba miendo ya namna hii inayosukumana ina uhusiano wa haki kati yake: jinsi huyu anavyomsukuma yule, na yule humsukuma huyu kwa kadiri inayolingana. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1968. Chumvi mbili katika maji zahitaji namba 4. Ya kwanza yasema jinsi chumvi ya kwanza inavyokwenda kwa ajili ya tofauti yake yenyewe. Ya pili, jinsi inavyokwenda kwa ajili ya tofauti ya mwenzake. Na mbili nyingine husema hivyo hivyo juu ya chumvi ya pili. Chumvi tatu zahitaji namba 9. Ndipo uone jinsi gulio linavyokuwa na kelele kila aongezekapo mtu.

Kuzipata namba hizo si kazi rahisi, kwa kuwa ukikausha maji na kupima mabaki wapata jumla tu, hujui ipi ni ya nani. Tena ukitumbukiza kijiko umekwisha koroga. Dawa waliyoipata ni mwanga. Nyote mmeona jinsi hewa ya moto juu ya barabara wakati wa kiangazi inavyofanya miti ya mbali ionekane ikitikisika. Mwanga hupinda unapopita katika hewa isiyo sawasawa. Hali kadhalika hupinda unapopita penye mpaka wa maji ya chumvi na maji matamu. Wakipitisha mwanga katika chombo cha kioo, hupata mistari myeupe na myeusi, na kwa kupima mahali pa mistari hiyo saa baada ya saa hujua chumvi imekwenda kiasi gani, wala hawakuyagusa maji. Kwa njia hiyo, katika mwaka 1955, Louis Gosting na wenzake wa chuo kikuu cha Wisconsin huko Marekani walipima namba 4 za chumvi mbili zilizo pamoja. Hufanya majaribio kadhaa, wakibadili tofauti ya chumvi moja na kuiacha ya pili sawa, kisha kinyume chake; na kwa kulinganisha hupata sehemu ya kila mmoja.

Msomaji ataniuliza, "Hayo yote ya Wisconsin yatufaa nini sisi wa Tarime?" Nami nitamjibu kwa habari ya kijiji kimoja ambacho sitakitaja.

Hapo palikuwa na shimo kubwa la zamani lililojaa maji, na kiangazi kilipokuwa kikali watu walitaka kuyatumia. Mtu mmoja alikuja, akachota kikombe kwa juu, akachovya karatasi ya kupimia tindikali, karatasi haikubadilika, akasema maji ni mema. Wengine walikataa, wakikumbuka ng'ombe waliokunywa hapo siku za nyuma wakaugua. Ikawa ugomvi mkubwa; wanawake waliokuwa wakitembea mbali kutafuta maji walichoka, na wenye mifugo wakaogopa. Mzee mmoja akaniita akaniambia, "Mura, wewe ndiwe mwalimu. Tuambie, tuchote au tusichote?"

Nikamjibu, "Tata, siwezi kusema neno kwa kikombe kimoja. Maji ya juu hayajui habari za maji ya chini."

Tukafunga jiwe katika chupa, na kizibo chake tukakitia kamba yake, tukaishusha mpaka kimo tulichotaka, ndipo tukavuta kizibo. Tulichota juu, katikati na chini. Nilikuwa nimeazima kifaa kidogo kinachopima jinsi umeme unavyopita katika maji. Chumvi zikiwa nyingi umeme hupita kwa urahisi. Maji ya juu na ya chini hayakulingana hata kidogo: ya chini yalikuwa na chumvi nyingi zaidi. Karatasi ya tindikali haikubadilika katika chupa yoyote ya tatu. Yule aliyepima kwa karatasi hakusema uongo, alichokipima hakikuwamo. Lakini alichokipima si chote kilichokuwamo.

Kwa nini shimo lilikuwa hivyo? Kwa sababu mbili nilizokwisha zieleza. Maji mazito yenye chumvi hukaa chini, na kuenea peke yake kwapanda kwa uvivu mno. Mita chache za maji matulivu zaweza kukaa hivyo miaka na miaka. Tena tindikali na chumvi haziendi kwa mwendo mmoja. Tindikali ina ioni nyepesi, nayo ikikutana na chokaa hufa. Lakini salfeti iliyokuja pamoja nayo yaweza kubaki. Kwa hiyo kutokuwapo kwa mmoja si ushahidi wa kutokuwapo kwa mwenzake.

Nalimweleza mzee hivyo, nikamwambia kwamba hata kifaa changu chajua wingi wa chumvi tu, hakijui majina yake; na kati ya majina hayo yapo yanayodhuru hata yakiwa machache, kama aseniki. Hivyo chupa zote tatu zilipelekwa maabara ya maji, na wazee wakaamuru watu wasichote mpaka majibu yarudi. Amri hiyo haikuwa nyepesi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniambia mbele ya watu, "Mwalimu, chupa zako zimeniongezea safari." Alisema kweli, nami sikuwa na la kumjibu ila kumsaidia kubeba ndoo. Majibu yaliporudi yalisema maji ya shimo hilo yana salfeti kupita kiasi, hayafai kunywewa na watu. Yule mama alikuja shuleni kunipa habari kabla sijaisikia kwa mwenyekiti.

Habari ya maji katika wilaya yetu si ya shimo moja. Wengi wakumbuka mwezi wa Mei mwaka 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka eneo la mgodi wa North Mara na kuingia mto Tigithe, ambao hupeleka maji yake katika Mto Mara. Na mwezi wa Mei mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya uchafuzi kutoka bwawa la mabaki. Sikusudii kuihukumu kesi hapa. Nataka tujifunze kupima. Katika mto uendao, maji hujikoroga yenyewe, na uchafu huchukuliwa na mkondo mbali kwa siku moja kuliko kuenea kungeupeleka kwa miaka elfu. Lakini katika tope la ukingoni, katika vidimbwi vilivyoachwa na mto, na katika nafasi ndogo ndogo za udongo ambamo maji yamesimama, mkondo haupo. Humo hutawala kuenea, na zile namba 4, na 9, na zaidi. Humo chumvi husukumana, huvutana na kuachana, zingine zikitoka upesi na zingine zikikawia. Mto waweza kuonekana safi juu, na tope lake likaendelea kutoa deni lake polepole.

Basi, ndugu wasomaji, nina maneno machache ya kuwausia. Maji yaliyosimama msiyapime kwa juu tu. Shusheni chupa vimo vitatu. Msitosheke na kipimo kimoja. Mtu akisema "hakuna tindikali," muulizeni na habari ya chumvi, na akisema "chumvi ni chache," muulizeni ni zipi. Msipime siku moja na kunyamaza mwaka mzima, maana chumvi haina haraka kama sisi. Andikeni tarehe, kimo na namba katika daftari la kijiji, ili atakayekuja baadaye aweze kulinganisha. Na vijana wenye akili ya hesabu wasidharau elimu hii kwa kuwa vyombo vyake vikubwa viko mbali. Fick alianza na chombo cha maji, chumvi na mizani.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi tukiyafikia kwa kamba, jiwe na chupa, tutakuwa na jambo la kumwambia mama aliyesimama na ndoo tupu.